Kipandauso

Kinaanzia konani mwa jicho la kushoto:
cheche moja, ndogo, kama ya mashine yangu,
ila mashine nimeizima, miwani nimevua,
na Mpoki, kijana wangu, amekaa anakunywa chai.
Cheche inazaa cheche. Zinajipanga meno meno,
zinakuwa geti. La nani, silijui.
Linafunguka polepole, linalia kwenye bawaba,
na huyo anayepanda
ameshapanda.

Watu wa Gerezani huwezi kuwaeleza.
Watakwambia kunywa maji. Watakwambia ni jua,
nani kichwa hakimgongi Gerezani saa saba mchana?
Shemeji alileta mtu wa makombe. Nikanywa wino.
Muhimbili walipiga picha, wakaitundika kwenye mwanga:
"Kichwa chako kisafi, fundi."
Nikakibeba hivyo hivyo, kisafi,
hadi ukingoni mwa mtaro, nikatapika nyongo.

Dirisha la Bi Manjula lilitaka nondo sita.
Kisutu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo,
ngazi zinanuka mvuje na sabuni ya mche.
Nilifunga nne. Ya tano ikawa mbili.
Nikaziba jicho kwa kiganja, nikapima upya,
ikawa tatu.
Naye akasema toka jikoni, hata hakugeuka:
"Weka chini moto wako. Somoe, bandika mafuta."

Nilidhani dawa ya Kihindi ni kitu cha kuja na meli.
Kumbe ni ufuta.
Somoe huletewa na kaka yake toka Nachingwea, gunia zima,
akakamua, akachuja kwa kitambaa cha shuka kuukuu.
Bi Manjula huongeza maziwa na mizizi fulani,
jina lake refu, la Kigujarati, halikukaa mdomoni mwangu,
na huvichemsha siku nzima hadi maji yaishe
na mafuta yaache kubishana na moto.

Wakanilaza kwenye ubao wa mninga, mweusi kwa miaka.
Juu ya paji langu kopo la shaba, limening'inia kwa mnyororo,
kitundu chini, na utambi wa pamba kitunduni.

Yakashuka. Si matone: uzi.
Uzi wa vuguvugu, toka nyusi hadi nyusi,
unakwenda, unarudi, unakwenda,
kama mwalimu anayefuta ubao
na hana haja ya kusoma kilichoandikwa.
Yakapita kwenye nywele, yakaingia masikioni,
honi za barabarani zikawa za mtaa wa mbali,
kisha za mji mwingine.
Sikulala. Kuamka pia sikuamka.
Lile geti lilikuwapo palepale,
ila bawaba zilikuwa zimenyamaza.

Halafu tone. La baridi, sikioni.
Nikafumbua jicho la kulia: ufa kwenye mshono wa kopo,
lehemu ya zamani, kazi ya mtu mwenye haraka.
"Huu ufa wa lini?"
"Wa enzi za marehemu Ramnik," akasema Bi Manjula.
Miaka ishirini na mbili, Somoe amesimama hapo
akikinga tone hilo kwa kidole cha shahada.
Leo muuza maziwa alibisha hodi.

Nondo mbili nilizimalizia Jumanne.
Pesa ya kazi hatukuzungumza, ya mafuta pia hatukuzungumza.
Kopo nililifunga kwenye gazeti, nikashuka nalo Gerezani,
nikapiga lehemu ya fedha, nikasugua kwa mchanga na ndimu
hadi Mpoki akauliza ni la nani, la harusi?

Kipandauso hakijahama. Mwezi huu kimekuja mara mbili;
zamani kilikuwa na godoro lake kwangu.
Kikija napanda zile ngazi, nalala ubaoni,
uzi unashuka mmoja, umenyooka, hauvuji popote.
Na nikichungulia kwa jicho moja
namwona Somoe, anaangalia dirishani, mawazo mbali,
kidole chake kimeinuliwa
karibu na sikio langu,
kinakinga.